Mbona vitabu vya sayansi ya mlima wetu, ziwa letu na misitu yetu havipo kwa Kiswahili?

#1 JiweJeusi (Goma)
Wandugu, salaam.

Nina dai, mwenye kulipinga alipinge kwa hoja. Mji wetu umekaa juu ya lava. Kuta za nyumba ni lava, barabara ni lava, viatu vinaisha upesi kwa sababu ya lava. Kila mtu hapa ana maoni kuhusu mlima wa moto Nyiragongo, mazuku (mashimo yenye gesi inayoua) na gesi ya ziwani, kuanzia motari hadi mama anayeuza makaa. Lakini mtu mzima asiye mtaalamu, anayetaka kukaa na kitabu cha kurasa mia mbili kimweleze mambo hayo kwa Kiswahili, azunguke soko lote la Birere, atarudi mikono mitupu. Atapata cha Kifaransa akibahatika, na mara nyingi kimeandikwa na mgeni. Haroun Tazieff, mchunguzi wa volkano kutoka Ulaya, alipanda huko mwaka 1948, akaliona ziwa la lava ndani ya kreta, akaandika vitabu vilivyosomwa Ufaransa na Ubelgiji. Sisi tunaolala chini ya mlima huo tumeachiwa uvumi.

Nadai sababu si uvivu wa kusoma. Watu wa hapa wanasoma Biblia kutoka jalada hadi jalada, wanasoma Kurani, wanasoma vijitabu vya dawa za miti shamba hadi karatasi zinachanika. Sababu ni kwamba wanaojua sayansi hawajawahi kuwahesabu watu hawa kuwa wasomaji.

Mnasemaje? Na mwenye kukijua kitabu kizuri akitaje.

#2 MwalimuKadutu (Bukavu)
Mukubwa JiweJeusi, naanza kukupinga mimi. Tatizo liko shuleni. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia, lakini ukiingia darasani utakuta mtoto anakariri kwa Kifaransa sehemu za ua ambalo hajawahi kulipasua kwa mkono. Akikua anaamini sayansi ina lugha yake, na Kiswahili ni cha soko na sala. Umpe kitabu cha fizikia kwa Kiswahili, atakuuliza kama ni cha watoto.

Mimi nafundisha fizikia. Nikitaka darasa zima linyamaze linisikilize, nahamia Kiswahili. Nikitaka mkaguzi afurahi, narudi Kifaransa. Kwa hiyo wasomaji unaowataja wapo, ila wamefundishwa kuionea haya lugha yao. Kitabu peke yake hakitaiondoa haya hiyo.

#3 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Bandugu jambo. Mi nasema hivi: bitabu binaweza kuwa biko, feza njo hakuna. Kitabu kipya chenye picha za rangi kutoka Ulaya, kikifika hapa L'shi, bei yake inalisha nyumba siku kadhaa. Nani atakubali watoto balale njaa juu ya kitabu cha volkano? Hata kikiwa cha Kiswahili, kuchapa picha za rangi ni feza ileile. Muanzie pale.

#4 MuvuviWaKituku (Goma)
Mnagombania vitabu na mimi nina swali ambalo kila mtu ananijibu lake. Navua sambaza, wale samaki wadogo, usiku. Wateja wananiambia siku moja ziwa litalipuka, wote tutakufa, niache kazi. Wengine wanasema ni uongo wa watu wanaotaka viwanja vya ufukweni kwa bei ya chini. Ukweli ni upi? Kama kuna kitabu kinachojibu hilo hata kwa Kifaransa, mwanangu atanisomea.

#5 Dada_Lwiro (Bukavu)
@MuvuviWaKituku, kaka, ndani ya uvumi huo kuna punje ya kweli, ila imetiwa chumvi nyingi. Ngoja nieleze taratibu.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi. Katika maji ya chini kumeyeyuka gesi nyingi mno: kilomita za ujazo karibu 300 za kabonidayoksidi na karibu 60 za methani. Kabonidayoksidi inatoka kwenye volkano chini ya ardhi. Methani nyingi inatengenezwa na vijidudu huko chini kusiko na oksijeni. Gesi haipandi kwa sababu mbili. Uzito wa maji yaliyo juu unaikandamiza, kama soda ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Tena maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito kuliko ya juu, kwa hiyo hayachanganyiki. Tabaka la juu, makumi machache ya mita tu, ndilo lenye hewa ya kutosha samaki, na ndimo unamovua wewe.

Hofu ilitoka Kamerun. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitoa kabonidayoksidi usiku, ikashuka mabondeni ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Nyos ni ziwa dogo sana ukilinganisha na Kivu, ndiyo maana wataalamu hawalali juu ya hili letu. Lakini Kivu bado halijafika kiwango cha kushindwa kuibeba gesi yake. Na Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita mjini ikaingia ziwani, matabaka ya chini hayakupinduka.

Kwa hiyo usiache kazi. Ila kuchunguza ziwa kusikome.

#6 MuvuviWaKituku (Goma)
Asante dada. Leo ndiyo nimeelewa kwa nini wazee walituambia wavu ukishuka sana unarudi mtupu. Hii uliyoandika nimeipeleka kwenye kundi letu la WhatsApp la wavuvi, tayari wanabishana.

#7 JiweJeusi (Goma)
Mmeona? @MwalimuKadutu, huyo ni msomaji. Hakuuliza kama ni ya watoto. Kasoma na kaisambaza kwa wenzake.

#8 MwalimuKadutu (Bukavu)
Kasoma aya chache, mukubwa, tena za bure. Wewe unazungumzia kitabu. Subiri umuombe anunue kurasa mia mbili.

#9 Mgeni_Dar (Dar es Salaam)
Habari za huko ndugu zangu. Huku kwetu sayansi ya shule ya msingi inafundishwa kwa Kiswahili katika shule za serikali kwa miaka mingi, na istilahi zimeshughulikiwa. TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kwa hiyo hoja ya kuwa maneno hayapo haina miguu.

Hata hivyo, msidhani tuna rafu zimejaa. Vya watoto vipo, vya kiada vipo. Kitabu cha mtu mzima anayependa nyota, miamba au wadudu bila kufanyia mtihani ni adimu huku pia. Sekondari mtoto anahamishiwa Kiingereza, na hapo Kiswahili kinaachana na sayansi. Hii inampa nguvu MwalimuKadutu kidogo, ila inamdhoofisha pia: kufundisha kwa Kiswahili miaka saba hakukutosha kuzaa vitabu.

#10 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Mgeni, Kiswahili chako kimepigwa pasi mpaka kinang'aa! Lakini ukiandika kitabu hivyo, mama yangu wa Katuba atakifunga kwenye ukurasa wa kwanza.

#11 Mgeni_Dar (Dar es Salaam)
Hahaha, basi mama wa Katuba ahariri mswada. Nitampokea kwa heshima zote, shikamoo yake mapema.

#12 MamaSifa (Goma, Keshero)
Mimi si mwalimu wala mvuvi, nimezaa na kulea hapa Keshero. Niseme kilichonifanya niungane na huyu JiweJeusi.

Mei 2021, mlima ulipotapika kileleni na baada ya siku chache tukaambiwa tuhame, barabara ya Sake ilijaa. Watu na magodoro, watu na mbuzi. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake: wengine lava inakuja tena, wengine ziwa linapasuka, wengine ardhi itafunguka katikati ya mji kwa sababu ya yale matetemeko. Nilikuwa na watoto na sikujua tunakimbia nini hasa. Kukimbia lava na kukimbia gesi si mbio moja. Lava unaiona, unatoka njiani mwake. Gesi nzito unatakiwa upande juu, na njia ya Sake inapita kando ya ziwa. Nani alikuwa ametuandikia hayo mapema, tukayasoma tukiwa tumetulia nyumbani?

Mazuku tunayajua kwa macho. Nyuma ya shamba la jirani kuna shimo la kawaida tu, majani yake yana kijani kizuri. Ukichungulia asubuhi kabla ya upepo unakuta mjusi amekufa, ndege, mara panya. Mzee mmoja alituonyesha akiwa amesimama ukingoni: anawasha karatasi, anaifunga kwenye fimbo ndefu, anaishusha polepole. Chini ya ukingo kidogo moto unazimika ghafla, moshi wake unalala palepale, haupandi. Watoto wangu hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili wasiingie. Hayo ndiyo ningependa yawe kitabuni, na sababu yake.

#13 Mwanajiolojia_243 (Goma)
Mama Sifa, pole kwa yaliyokupata, na maelezo yako ya mazuku ni mazuri kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Sababu ndiyo hii: kabonidayoksidi ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, inatoka kwenye nyufa za ardhi na kukaa kwenye mabonde madogo. Usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia inajikusanya, jua likipanda inatawanyika. Ikizidi asilimia 10 ya hewa mtu anazimia upesi. Mbuzi na mtoto wanakufa mahali ambapo mtu mzima aliyesimama amehisi kizunguzungu tu, kwa sababu pua zao ziko chini. Tena anayeinama kumwokoa mwenzake ndiye anayefuata.

Jambo moja nisahihishe kwa heshima. Mlima haukutapika kileleni. Mwaka 1977, 2002 na 2021, mara zote tatu lava ilitokea ubavuni, kwenye nyufa. Ziwa la lava la juu lilishuka kama limetobolewa chini. Ndiyo maana kutazama mwanga mwekundu wa kileleni hakukuambii lava itatokea wapi. Na lava ya Nyiragongo ina silika (madini yanayoifanya lava iwe nzito) kidogo sana, inatiririka kupita kawaida. Ile ya 10 Januari 1977 sehemu za mteremko ilikwenda hadi kilomita 60 kwa saa, mtu hawezi kuikimbia. Chini mjini inapunguza mwendo sana, ndivyo maelfu walivyopona 2002 ingawa ilifunika karibu asilimia 13 ya mji na kipande cha uwanja wa ndege.

#14 MamaSifa (Goma, Keshero)
Asante mwanangu. Sasa nijibu: haya unayajua tangu lini, na kwa nini nayasikia leo?

#15 Mwanajiolojia_243 (Goma)
Mama, swali hilo linauma, na jibu langu ni tofauti na ya wote waliotangulia. Mtafiti wa hapa anapandishwa cheo kwa makala kwenye majarida ya nje, yaani Kiingereza, mara chache Kifaransa. Makala hiyo inasomwa na wenzake duniani, wengi wao hawajawahi kukanyaga Goma. Akitumia miezi kuandika kitabu cha Kiswahili kwa ajili ya Keshero, kwenye faili lake hakihesabiwi chochote. Mradi ukija na pesa za uhamasishaji, zinaishia kwenye mabango, fulana na semina ya hoteli. Hakuna anayechukia kuwaandikia. Mfumo haumlipi anayewaandikia, basi.

Kituo cha kuchunguza volkano cha hapa kipo tangu 1986. Ujuzi umelimbikizwa, na umekaa kwenye ripoti.

#16 Kabara67 (Goma)
Naongeza upande ambao hamjaugusa. Tatizo ni lugha na pesa, sawa, lakini hata vile vitabu vilivyoandikwa kuhusu kwetu, sisi hatumo. Chukueni vya sokwe wakubwa, yaani gorila wa milimani. Dian Fossey, mtafiti Mmarekani, alikwenda kuwachunguza Rwanda, kitabu chake cha 1983 kikajulikana dunia nzima. Ukisoma vitabu vya aina hiyo, Mwafrika anatokea akibeba mizigo, au akitega mitego. Mlima unaonekana kama hauna wenyewe. Kijana wa Rutshuru akisoma hicho, kwa lugha yoyote ile, anajikuta upande wa wabaya. Kwa nini apende sayansi?

#17 Dada_Lwiro (Bukavu)
@Kabara67 jina lako linakusuta! Fossey alianzia Kongo, Kabara, chini ya mlima Mikeno, Januari 1967. Machafuko ya mwaka ule yakamtoa, ndipo Septemba akafungua kituo chake cha Karisoke upande wa Rwanda. Na kabla yake, mtafiti George Schaller alikuwa palepale Kabara mwaka 1959 na 1960.

Ila hoja yako naiunga mkono, tena kwa ushahidi wa jina. Aliyemwonyesha Fossey namna ya kufuata nyayo hapo Kabara alikuwa Mkongo, Sanwekwe, aliyekuwa ameshafanya kazi na watafiti waliotangulia. Alijua kusoma jani lililovunjika, kinyesi cha asubuhi na cha jana, mahali pa kulala. Hiyo ni sayansi ya msituni, kutazama na kupima umri wa dalili. Sanwekwe angeandika, au angepata wa kumwandikia, tungekuwa na kitabu kingine kabisa.

Hapa kwetu ni vilevile. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, Batwa, wenyeji wa msitu, wakatolewa humo. Wao ndio waliojua mti gani unatoa matunda lini, na sokwe yupi anayafuata. Ujuzi huo ulitolewa pamoja nao.

#18 Kabara67 (Goma)
Asante dada, jina nimelichagua kwa sababu ya Fossey kuwa Kabara, nilichosema ni kule kazi yake kubwa ilikofanyika. Sanwekwe simjui, nitamtafuta.

#19 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Muko na volkano, muko na masokwe, muko na ziwa lenye gesi. Sisi ba Katanga mutatuachia nini? Ngoja na mi nisifu kwetu.

Kuna ua dogo la zambarau, jamii moja na mnanaa, banaliita Haumaniastrum katangense kwa jina la kitaalamu. Linaota pale udongo uko na shaba. Batafiti ba madini balilifuata. Na ba arkeolojia vilevile, kwa sababu linaota pale bazee ba zamani baliyeyushia shaba, bakatengeneza ile misalaba midogo ya shaba ya Katanga. Ua linakula shaba, linakuonyesha historia! Hicho ni kitabu.

#20 Mtunza_Mimea (Lubumbashi)
Yaya, umenifurahisha, ila ua halili shaba. Linaivumilia. Mimea mingine ikitiwa kwenye udongo ule inadhoofika, kwa hiyo ua hili linabaki na nafasi peke yake. Ukilipanda kwenye udongo wa kawaida ukaliangalia vizuri linaweza kuota pia, ila porini linashindwa na wengine. Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini ndiyo raha yenyewe ya somo.

Na mimi niongeze vichuguu. Kila mtu L'shi anavijua, vingine ni virefu kuliko nyumba, watu wanachukua udongo wake kuchoma matofali. Wangapi wanajua kwamba mchwa wale wa ndani ni wakulima? Hawawezi kumeng'enya mti vizuri peke yao. Wanautafuna, wanautandaza kwenye vyumba, wanapanda kuvu juu yake, kisha wanakula hilo shamba. Mvua ikianza, kuvu hiyohiyo inatoa uyoga nje ya kichuguu, ule mkubwa tunaonunua barabarani. Mama anayeuza uyoga anakijua kichuguu kitakachozaa kabla ya profesa. Mwandishi akianza na huyo mama, msomaji hatamwacha.

#21 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Asante mukubwa. Na mgodi wa Shinkolobwe? Urani ya kwetu njo iliingia kwenye bomu za 1945. Historia na fizikia pamoja, bangetuandikia kwa Kiswahili, ningekopa feza.

#22 MwalimuKadutu (Bukavu)
Yaya, si ulisema feza hakuna? Sasa unakopa.

#23 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Kwa kitabu kinanihusu, nitakopa. Kwa kitabu cha dubu wa barafu, hapana.

#24 JiweJeusi (Goma)
Sentensi hiyo ya yaya imebeba dai langu lote. Bei inauma pale ambapo kitabu hakikuhusu.

#25 SautiYaMchana (Bukavu)
Nasoma kimya tangu jana. Wote mnaanzia mahali pamoja: kitabu. Kwa nini kiwe kitabu? Radio Okapi inatangaza kwa Kiswahili tangu 2002 na inafika hadi kijiji kisicho na barabara. Watu wetu wanasikiliza wakipika, wakivua, wakisukuma chukudu za mbao. Kwa mtu mwenye simu, sauti ya dakika tano inapita kundi hadi kundi. Mngekuwa na kipindi kimoja kizuri kwa wiki kuhusu ziwa na mlima, msingehitaji mchapaji. Vitabu havipo kwa sababu njia ya habari hapa ni sikio, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

#26 Mwanajiolojia_243 (Goma)
@SautiYaMchana, nakubali nusu. Sauti inafaa kwa tahadhari. Lakini jaribu kumweleza mtu kwa sauti matabaka ya Ziwa Kivu, au jinsi ufa unavyotoka ubavuni mwa mlima hadi chini ya mji. Anahitaji mchoro, anahitaji kurudi nyuma ukurasa mmoja, auweke kidole pale pale, amuonyeshe mkewe. Sauti ikipita imepita. Na uvumi wote wa 2021 ulisafiri kwa nini? Kwa sauti za WhatsApp.

#27 SautiYaMchana (Bukavu)
Uvumi unaenda kwa maandishi pia. Chombo hakina kosa.

#28 MamaSifa (Goma, Keshero)
Mimi nataka vyote, lakini kitabu zaidi. Sauti siwezi kuiweka kabatini nikamrithisha mjukuu.

Kaka yangu ana kitabu cha Kifaransa cha volkano, kwa kweli ni fotokopi ya fotokopi. Kimeshonwa kwa waya, jalada ni karatasi ya mfuko wa simenti. Picha zote zimekuwa weusi mtupu, ziwa la lava na anga havitofautiani, mtu aliyesimama ukingoni amebaki kofia. Na bado kinaazimwa nyumba hadi nyumba, kuna aliyeandika tafsiri ya Kiswahili pembezoni kwa kalamu ya bluu, mwingine akamsahihisha kwa nyekundu. Wanaosema hapa hakuna wasomaji waje wakione.

#29 JiweJeusi (Goma)
Mama Sifa, naomba upige picha ukurasa mmoja wenye hizo kalamu mbili.

#30 MamaSifa (Goma, Keshero)
Kiko kwa jirani wa tatu sasa. Kikirudi.

#31 Mgeni_Dar (Dar es Salaam)
Hapo nimeguswa. Ila nihoji: mnaposema kitabu, mnataka kutafsiri kilichopo au kuandika kipya? Kutafsiri ni haraka zaidi, na vipo vizuri vya dunia nzima kuhusu nyota, chembe za urithi, bahari. Msijifungie kwa vya kwenu tu. Mtoto wa Goma ana haki ya kujua Zohali ina pete kwa nini, hata kama haimwagii lava.

#32 Mtunza_Mimea (Lubumbashi)
Tafsiri inabeba mifano ya watu wengine. Anza na theluji, na miti inayopukutika vuli, na ndege wanaoondoka wakati wa baridi, msomaji wa miombo anachoka. Huku majani machanga yanatoka mekundu kabla ya mvua, Septemba, kila mtu anaona, hakuna aliyemweleza. Kipya kwanza.

#33 Dada_Lwiro (Bukavu)
Sikubali kwamba ni lazima kuchagua. Lwiro kuna kituo cha utafiti tangu 1947, maktaba yake ni ya kujivunia, wadudu na mimea iliyokaushwa imepangwa kwenye makabati. Niliona kijana aliyeletwa na shule akisimama mbele ya droo ya vipepeo muda mrefu kuliko wenzake wote. Aliyemvuta si kipepeo wa nyumbani kwao peke yake, ni kuona kwamba mtu alikaa akawapanga mamia kwa subira namna ile. Udadisi hauna kijiji.

#34 Kabara67 (Goma)
Basi mtu aanze! Napendekeza tuandike sisi wenyewe humu, sura kwa sura. Mazuku iwe ya kwanza kwa sababu inaokoa maisha. Mwanajiolojia aandike, Mama Sifa asome kama mhariri, chochote asichokielewa kifutwe.

#35 MwalimuKadutu (Bukavu)
Kisifutwe, kielezwe upya. Ukifuta kila kigumu utabaki na bango, na mabango tunayo. Mimi nitasoma mahesabu na vipimo. Na bado nasema, kisipoingia shuleni kitakufa na sisi.

#36 Mwanajiolojia_243 (Goma)
Niko tayari kwa mazuku. Sharti moja: mchoro wa shimo na urefu wa gesi ukilinganishwa na mbuzi, mtoto na mtu mzima uchorwe na mtu anayejua kuchora. Mimi nachora vibanda.

#37 MuvuviWaKituku (Goma)
Na sura ya samaki? Mnajua kwamba sambaza hakuwa wa ziwa hili? Mzee wangu alisema waliletwa.

#38 Dada_Lwiro (Bukavu)
Mzee wako alisema kweli. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, na katikati ya ziwa hapakuwa na wa kula vijidudu vinavyoelea. Waliletwa wa aina mbili, akashika mmoja tu, Limnothrissa miodon. Usiku wanapanda juu, ndiyo maana taa zenu zinawapata. Lakini wavuvi mnaona mambo ambayo mtafiti anayekuja mara moja kwa msimu hayaoni: mwezi ukijaa, maji yakibadilika rangi, siku ambazo sambaza wanakimbilia pembeni. Hayo yaandikwe na wewe.

#39 MuvuviWaKituku (Goma)
Kuandika sina muda, macho yamechoka na taa. Lakini kusema naweza. Mwenye simu nzuri ya kurekodi aje Kituku asubuhi tunapopakua, nitamwambia kuhusu mwezi na taa, na mahali ambapo mapovu yanatoka.

#40 SautiYaMchana (Bukavu)
Kwa hiyo kitabu chenu kinaanza kwa sauti. Sawa.

#41 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Mbele ya kurekodi, mupatane bei. Kitabu cha rangi ao cheusi na cheupe? Juu ya hilo hakuna aliyenijibu tangu posti ya tatu.